Konde Hana, Miguu Anayo

Mdogo wangu alikuwa bondia asiyejua kupiga. Nasema hivyo mimi dada yake wa tumbo moja, niliyemshonea bukta zake zote za ulingoni, kwa hiyo asije mtu akaniambia namsengenya. Konde lake halikuweza kumlaza mtu. Siku alipovishwa mkanda wa ubingwa wa Kanda ya Ziwa, uzito mwepesi, hakuna hata mmoja katika wote aliopigana nao aliyekuwa amekwenda chini kwa ngumi yake. Walimaliza raundi zote wamesimama, wanahema, wamechoka kama watu waliolima shamba la bure, halafu mwamuzi ananyanyua mkono wa mdogo wangu.

Alichokuwa nacho ni miguu. Ukirusha ngumi, hayupo. Ukigeuka kumtafuta, ameshakugusa ubavuni na kuondoka. Kugusa tu, lakini majaji wanahesabu. Alifanya kazi ya kufunga na kufungua mahema katika kambi moja ya watalii kule Natta, na kocha wake alikuwa dereva wa kambi hiyohiyo, mtu aliyepigana zamani hadi pua yake ikalala upande. Siku ya kwanza tulipoonana, kocha aliniambia, "Dada, huyu kijana ana kitu kimoja tu. Ila hicho kimoja sijawahi kukiona kwa mtu mwingine." Nilimwamini kwa sababu ya ile pua.

Mimi nina cherehani yangu kwenye baraza la duka hapa Turwa, mjini Tarime. Nashona sare za shule, mashati, na kurekebisha mitumba. Kuna benchi pale barazani nililoliweka kwa ajili ya wateja, lakini wateja hawapati nafasi. Wanaokaa ni wanaume wanaosubiri jua lizame, na kiongozi wao ni fundi baiskeli wa jirani yangu, mtu mwenye mdomo kuliko spana zake. Hao ndio waliokuwa wanachambua ngumi za mdogo wangu kila alipopigana, na wengi wao hawajawahi kuona ulingo ila kwenye simu.

Mjadala wao ulikuwa uleule. Je, mtu mwenye ujuzi mmoja ni bingwa kweli, au amepita kiwango chake? Fundi baiskeli alikuwa na mifano yake. Kuna bingwa wa zamani, anasema, alikuwa na ngumi ya kushoto peke yake, ya kulia ilikuwa ya kulia chakula. Kuna mwingine hakuwa na chochote ila taya, unampiga mpaka wewe unachoka, ndipo anaanza. "Hao walibebwa na kitu kimoja," anasema, "na kitu kimoja kina mwisho wake. Siku ukikutana na mwenye dawa ya hicho kitu, kwisha habari yako. Sasa huyu mdogo wako, fundi, ni afadhali hata wale. Wale walipiga au walipigwa. Huyu anakimbia!"

Basi hapo damu inanipanda. Naacha pedeli. "Hilo shati ulilovaa," namwambia, "kola yake nani kaikata?" Anasema ni mimi. "Mimi suruali zangu za kawaida tu, na gauni la harusi sigusi, linanishinda. Kola ndiyo kazi yangu. Watu wanatoka mpaka Sirari kuniletea kola. Mbona hamsemi nimepita kiwango changu? Mbona hamsemi fundi kabebwa na kola?" Wanacheka, wanagongana mabega, na kesho yake wanaanza upya.

Lakini usiku nikilala niliwaza lile neno. Kapita kiwango chake. Kiwango chake kiliwekwa na nani? Mtu akipanda mti kwa mkono mmoja akafika juu, utamwambia ashuke kwa sababu hakutumia miwili? Mimi naona ndiyo kwanza umstaajabie. Wenye kila kitu, ngumi, taya, kimo, pumzi, nimewaona wengi wakipigana huku kwetu, na mkanda hawakuugusa.

Kocha alijaribu kumpa kitu cha pili. Hilo watu wa benchi hawakulijua. Alimtundikia gunia la mchanga nyuma ya jiko la kambi, akamfundisha kupiga kwa uzito, msimu mzima wa mvua. Kisha wakaenda kupigana pambano dogo Bunda, na mdogo wangu akarudi kwangu mdomo umevimba, amepoteza. Kocha alinieleza mwenyewe, huku anakunywa chai yangu: ukitaka ngumi nzito lazima ukite miguu chini kwanza, uzito utoke ardhini. Na yule akikita miguu, basi hana miguu tena, amekuwa mtu kama watu wengine, tena wa chini yao. "Nimelitoa lile gunia," akasema. "Nimempa mpishi atie mkaa."

Miguu yenyewe aliitoa nyumbani Itiryo. Jioni ng'ombe wakirudi, kazi yake ilikuwa kutenganisha ndama na mama zao ili tukamue, na tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye roho mbaya ambaye hakutaka mtu amguse mwanawe. Mdogo wangu aliingia katikati ya pembe mikono mitupu. Baba anasimama nje ya zizi anapiga kelele, "Usisimame mbele ya pembe! Toka! Zunguka!" Naye anatoka, anazunguka, anacheka. Alikuwa mtoto wa kucheka sana. Hakuna ng'ombe aliyewahi kumchoma, na mimi ninalo kovu hapa pajani.

Baba ndiye aliyekuwa mgumu. Hakuwahi kwenda kumwona akipigana. Habari zilimfikia kwa watu wa mnadani, wanamwambia, mwanao amekuwa bingwa, lakini bingwa gani, anarudi nyuma kutwa. Kwetu neno hilo si dogo. Kijana wa Kikurya siku ya kutahiriwa anasimama mbele ya ukoo mzima, na akipepesa jicho tu, jina lake litabebwa mpaka kwa wajukuu. Mdogo wangu alisimama vizuri siku yake, kila mtu alishuhudia, na baba alifurahi hadi akalia. Sasa mtu huyohuyo aambiwe anakimbia mbele ya mtu mwenye mikono miwili kama yeye?

Nilipokwenda nyumbani wakati wa mavuno ya mahindi, baba aliniuliza. "Ni kweli mdogo wako anarudi nyuma?"

"Tata, harudi nyuma, anakwepa. Ndiyo ujuzi wake. Wewe mwenyewe ulimfundisha kwenye zizi."

"Ile ilikuwa pembe."

"Na hii ni ngumi. Tofauti iko wapi?"

Akaniangalia kana kwamba nauliza maji yanatoka wapi. "Ng'ombe hakusemi kesho," akasema. "Mtu anakusema." Kisha akaondoka kwenda kuangalia boma, na mimi nikabaki na magunzi yangu mkononi, nimekasirika.

Mwaka jana ndipo ilipokuja nafasi kubwa. Mdogo wangu alitakiwa kutetea mkanda wake na kijana wa Mwanza mwenye ngumi mbili nzito, na atakayeshinda angekwenda Dar es Salaam kupigania ubingwa wa taifa. Hapo si mchezo. Katika wilaya zetu hizi mbili, Tarime na Serengeti, sikumbuki bondia aliyekaribia hapo. Mwandaaji akauliza pambano lifanyike wapi. Kocha akasema Mwanza, hata kama ni kwao yule mwingine, haidhuru. Mdogo wangu akasema Tarime.

"Mcheza kwao hutunzwa, dada," aliniambia kwenye simu, anacheka.

"Kocha anasemaje?"

"Kocha anasema watu wa kwetu hawatanielewa. Mwambie tata aje. Mwambie nimemwekea kiti cha mbele."

Basi nikajua ni kwa nini Tarime.

Baba alikuja. Alivaa koti lake la kanisani na kofia, na akaja na vijana sita waliotahiriwa msimu mmoja na mdogo wangu, rika lake, ambao kwetu ni zaidi ya ndugu. Ulingo ulifungwa kwenye uwanja wa wazi, jua la saa tisa, na watu walijaa hadi juu ya miti na mapaa ya vibanda. Baba alipewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, karibu na kona. Mimi nilikaa nyuma yake na taulo na ndoo, maana kocha alinipa kazi hiyo, akasema nina mikono isiyotetemeka.

Raundi tatu za kwanza zilikuwa kazi safi. Sijui ngumi kwa kusoma, lakini najua kazi safi nikiiona. Yule wa Mwanza alirusha makonde ambayo yangemvunja mtu mbavu, na yote yalipiga hewa. Mdogo wangu anamgusa, anatoka, anazunguka. Kocha alikuwa anatikisa kichwa taratibu kwa furaha, ananiambia bila kugeuka, "Zote tatu zetu. Zote tatu."

Ila watu! Raundi ya kwanza walishangilia. Ya pili wakaanza kunung'unika. Ya tatu wakazomea, na zomeazomea ya Tarime si ya watoto. Wale vijana wa rika lake wakasimama wote, wanapiga kelele, "Mura, simama! Simama upigane! Unatuaibisha!" Mura ni kijana, mwanaume, kwa lugha yetu, na wakilitamka hivyo linauma. Fundi baiskeli naye nilimsikia, ana sauti ya kutambulika. Nilitamani kumrushia ndoo.

Raundi ya nne ikiwa katikati, mdogo wangu akateleza chini ya konde la kulia, akatokea nyuma ya mgongo wa yule kijana, kitu kizuri ajabu, hata mwamuzi alitabasamu. Uwanja mzima ukaguna. Na hapo baba akasimama, akainua kile kiti cha plastiki, akakigeuza, akakaa tena akiwa ameupa ulingo mgongo.

Alinitazama mimi sasa, uso kwa uso. "Tata, geuka," nikamwambia. "Tata, nakuomba. Anashinda." Akatazama juu ya kichwa changu kama mtu anayesubiri gari.

Mdogo wangu aliona. Kengele ilipolia akaja kukaa kwenye kona, wala hakuwa anahema. Nikampa maji. Kocha anamwambia, uko mbele, uko mbele sana, fanya hivyohivyo, Dar hiyo hapo. Yeye anaangalia mgongo wa lile koti. Nikamshika kidevu nikamgeuza. "Niangalie mimi," nikasema. "Achana naye. Sikia, achana naye leo tu, kesho mtaongea." Akasema, "Ndiyo, dada." Alikuwa na heshima, hakuwahi kunibishia.

Kengele ya tano ikalia. Akaenda katikati ya ulingo, akakita miguu, akasimama.

Lo! Kelele zilizotoka pale, nadhani walizisikia Sirari. Watu walirusha kofia. Yule wa Mwanza mwenyewe alishtuka, akasita, kisha akaona ni kweli, mtu huyu haondoki, akaanza kumpiga. Mdogo wangu anapigwa, naye anapiga na vile vikonde vyake visivyoua inzi, hasogei. Kocha anapiga ubao wa ulingo kwa viganja, "Miguu! Miguu! Unafanya nini? Miguu!" Nani wa kumsikia? Wale vijana wa rika lake walikuwa wanalia kwa furaha, wanakumbatiana.

Na baba akageuza kiti.

Raundi ya sita ilikuwa hivyohivyo. Kwenye kona jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga, kocha akamwambia, "Natupa taulo, pambano liishe," naye akasema maneno ambayo sitayasahau: "Ukitupa, sitakusalimia mpaka nife." Kocha akaniangalia mimi mwenye taulo. Nikamnyooshea, nikamwambia, "Tupa." Wakati wanabishana kengele ikalia, akawa ameshaondoka. Haikufika mbali. Katika raundi ya saba mwamuzi aliingia kati akamkumbatia, akamaliza pambano, na hakuna aliyezomea.

Mkanda akavishwa yule kijana wa Mwanza. Sidhani kama watu ishirini walimwangalia. Wote walikuwa upande wetu, wamembeba mdogo wangu juu juu, mshindwa anabebwa mabegani kama bwana harusi, anazungushwa uwanja mzima na damu inamtiririka hadi kwenye bukta niliyomshonea. Baba alikuwa anatembea mbele yao, kofia mkononi, anasema kwa kila anayekutana naye, "Mmeona? Mmemwona? Huyo ni wa kwangu." Usiku huo akatangaza kumpa dume la ng'ombe.

Mimi nilimfikia wakati wanamlaza kwenye benchi. "Mpumbavu wewe," nikamwambia, na nilikuwa nalia. "Mpumbavu mkubwa wewe! Dar ilikuwa mkononi mwako!" Akanitafuta kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

"Tata aligeuza kiti?" akauliza.

"Aligeuza."

Akacheka. Meno mekundu, midomo imepasuka, anacheka kama kwenye zizi. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile, na nilimchukia kwa hiyo furaha, na baba nilimchukia, na wale wote. Kocha alikuwa ameketi kwenye ngazi za ulingo anakunja bandeji za mdogo wangu polepole.

Jicho halikurudi. Tulimpeleka Mwanza, daktari akasema kuna utando nyuma ya jicho umebanduka, na tungewahi siku ileile pengine ingekuwa habari nyingine. Siku ileile sisi tulikuwa tunachinja mbuzi. Ngumi basi, akaambiwa, asithubutu. Alirudi Natta kwenye mahema yake, na kocha akamwombea kazi ndogo ya ndani, maana kamba za mahema alikuwa anazikosa, anashika hewa.

Benchi langu nalo lilibadilika. Sasa wanamsifu. Fundi baiskeli anasema, "Kumbe alikuwa dume, tulimdhania vibaya." Nikamuuliza, sasa amefikia kiwango chake? Akadhani natania. Siku ile nilimfukuza, nikamwambia asikae tena kwenye benchi langu, na mpaka leo anasimama. Wanabishana kuhusu kitu kimoja na vitu viwili, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba kile kimoja kilikuwa kinatosha. Kilimtosha mpaka tulipomwonea aibu kwacho.

Baba tulimficha habari ya jicho. Mdogo wangu ndiye aliyetaka hivyo, alisema mzee asisumbuliwe, presha yake inapanda. Lakini mwezi uliopita baba alikuja mjini bila taarifa, akaketi barazani kwangu, nikamwamkia shikamoo, nikamletea soda. Alikuwa na uso wa sherehe. "Nimekuja kuuliza," akasema, "mdogo wako anapigana lini tena? Wazee wa Itiryo wote wanataka kuja. Nimewaahidi."

Nilikuwa nashona kola. Nikasimamisha cherehani, nikamwambia. Nilimwambia yote, jicho, daktari, kamba za mahema. Sikumpunguzia.

Akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Kwani zile ngumi hakuziona zinakuja? Si angekwepa tu?"

Jamani. Nilishika mkasi nikauweka chini, nikaushika tena. Nilitaka kupiga yowe. Maneno yalijaa mdomoni hadi yakabanana yenyewe kwa yenyewe, na kabla halijatoka hata moja, mdogo wangu huyo hapo, ameshuka kwenye bodaboda, yuko mapumziko, hajui kama baba amekuja. Uso ukamng'aa. "Shikamoo, tata!" Akapanda baraza kwa haraka, na baba akainuka kutoka kwenye benchi akamnyooshea mkono.

Mdogo wangu akanyoosha wake, na akaukosa. Ulipita pembeni, kama kiganja kizima kati yao, ukashika hewa.

Akacheka, akaurudisha, akautafuta tena mkono wa baba polepole mpaka akaupata. Baba alikuwa amesimama tu, hakuusogeza mkono kumsaidia, wala hakuuondoa. Mimi nililia kwa sauti, mbele ya wateja, na sikujali nani ananiona.